Bawa Lilivyotoka Nyumbani kwa Abdulhalim

Mji wa Kale, Mombasa
10 Februari 2025

Dada yangu Sidi,

Kabla ya salamu, nikuambie nililokuficha kwa miaka kumi na miwili: nina ndege. Si ndege wa kufuga. Ni eropleni, ina mabawa mawili, mkia, injini na viti, na nimeiunda mwenyewe kwa mikono hii unayoijua.

Sasa salamu. Natumai wewe na wote wa nyumba yako hapo Kitale hamjambo, na kwamba mahindi yameingia ghalani kabla panya hawajajua. Mimi ni mzima kwa kadiri ya mtu wa miaka themanini na mbili. Daktari akinisikiliza moyo huinamisha kichwa kama fundi wa gari aliyesikia mlio asioupenda. Mwezi uliopita aliniambia, "Mzee Barnabas, injini hii imechoka. Usipande milima." Nikamwambia Mombasa hatuna milima. Hakucheka. Aliniandikia vidonge vya miezi sita tu, nami nikaelewa hesabu yake.

Simu yako ya Krismasi niliiona ikitetemeka mezani kama mende aliyepinduka. Niliipokea, nikasema "ndiyo, ndiyo, amina" mpaka ukakata. Sikusikia hata neno moja. Kama ulikuwa ukiniomba kitu, basi nimekukubalia. Masikio yamekwisha, kwa hiyo tuandikiane kama zamani, bahasha ziende na kurudi kwa basi.

Turudi kwenye ndege. Mwikali wangu alipofariki, nyote mlidhani nimejifungia ndani kwa majonzi. Watu wa kanisani nao walidhani hivyo, wakawa wananiletea chapati. Nilizipokea kwa uso wa huzuni, nikazila, nikarudi kwenye randa. Sikuwaongopea kabisa. Chumba chake kilikuwa kitupu mno. Mtu mwingine angeweka mpangaji. Mimi niliweka bawa.

Unajua kazi yangu ilivyokuwa. Maisha yangu yote nilichora ramani katika karakana ya reli: mabehewa, matangi, hata choo cha stesheni kimoja ambacho nasikia bado kimesimama. Vijana wakanipachika jina la Mzee Pima, kwa kuwa sikumruhusu mtu ashike msumeno kabla hajapima mara tatu mbele yangu. Lakini hakuna hata kimoja nilichochora ambacho kiliwahi kuiacha ardhi. Mimi mwenyewe sijawahi kupanda ndege, hata ya kulipia. Basi niliagiza michoro ya ndege ndogo ya mbao na kitambaa kutoka ng'ambo, nikaitandaza mezani, na kabla ya chai ya jioni nilikuwa nimeshaanza kuisahihisha. Huo ndio ugonjwa wangu, moyo ni wa pili. Mchoro ulitaka kiti kimoja. Nikaweka viwili, maana sijui kurusha ndege na lazima mtu anibebe. Viti viwili vikataka injini yenye nguvu. Nikanunua ya gari la kobe, yale madogo ya zamani yenye mgongo wa duara. Injini ikawa nzito, pua ikainama, nikarefusha mkia. Mkia nao ukaleta yake. Kila nilichorekebisha kilizaa kingine cha kurekebishwa, kama uongo.

Bawa la kushoto nililiundia humu ghorofani, kwa mwenye nyumba wangu Abdulhalim. La kulia nililiundia Makupa, katika banda la Bonface anayetengeneza bodi za malori. Sasa kila kitu kiko bara, kwenye kiwanja kidogo cha ndege katika shamba la mkonge njia ya Kilifi. Kimebaki kitu kimoja, rubani, na huyo unaye wewe. Mwambie Morgan mjomba wake anamwita. Nataka kuiona ikipaa mara moja, hata kama ni kwa kimo cha mnazi. Halafu daktari afanye hesabu zake.

Mbusu binti yako Kate tumbo. Nasikia amekaribia.

Kaka yako,
Barnabas Chirau


Kitale
3 Machi 2025

Kaka Barnabas,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Sisi hatujambo. Mvua bado, tumelima na tunatazama mawingu. Kate amejifungua salama, mtoto wa kike, na wamempa jina langu, maskini ya Mungu. Goti langu la kushoto linajua hali ya hewa kuliko redio.

Kuhusu ndege yako, kwanza nilicheka, kisha nikalia kidogo, kisha nikakasirika, na hasira ndiyo iliyobaki. Miaka kumi na miwili! Chama cha akina mama kimekuombea kila Jumatano ili Mungu akuondolee upweke. Kumbe mwenzetu unapiga randa! Nitawaambia nini? Kwamba maombi yao yameota mabawa?

Morgan nilimsomea. Hakungoja nimalize. Unamjua: kazi yake ni kurusha ndege ndogo za kupeleka dawa na walimu Turkana, na akipata likizo anakwenda kuzitazama ndege za watu wengine. Amesema atashuka Mombasa wakati wa Pasaka. Nimemruhusu, kana kwamba mtu wa miaka thelathini na nane anahitaji ruhusa yangu. Lakini Kaka, huyu ndiye mwana wa kiume pekee niliyebakiwa naye. Unalijua hilo, sirudii.

Nina swali moja, la mtu asiyesoma michoro. Nimemuuliza Morgan bawa la ndege ya namna hiyo huwa na urefu gani. Ameniambia mita nne, hata zaidi. Sasa mimi ngazi za Abdulhalim nazijua. Baada ya matanga ya Mwikali nilikuja kuchukua kabati lake, lile alilosema niachiwe mimi. Vijana wanne walilibeba hadi kwenye kona ya ngazi, likagoma. Wewe ukatoka na futi yako, ukapima kona, ukapima kabati, ukahukumu kama kadhi: "Halipiti." Nikasema basi likatwe miguu. Ukanijibu mbele ya wale vijana, "Sidi, kitu kilichoundwa kizima hakikatwi." Kabati likarudi chumbani, nami nikarudi Kitale mikono mitupu. Leso zangu hadi leo zinalala kwenye sanduku la bati.

Kabati lile halikunizidi kimo, na mimi ni mfupi. Sasa bawa la mita nne lilitokaje?

Nijibu hilo tu, nifurahi nawe.

Dada yako,
Sidi


Mji wa Kale, Mombasa
29 Aprili 2025

Dada yangu Sidi,

Hongera kwa Sidi mdogo. Mwambie Kate jina hilo lina kelele, ajiandae. Huku mvua zimeanza, uchochoro wetu unatiririka, na Abdulhalim ameweka matofali ya kukanyagia mlangoni. Anakusalimu. Anasema mkeo, samahani, dada yako ndiye mtu wa mwisho kumfokea katika ngazi zake mwenyewe, na bado anakukumbuka. Unaona? Hata salamu za watu siku hizi nazinukuu vibaya. Nilikuwa nikimfikiria Mwikali.

Morgan alikuja. Sidi, mwanao ni mtu mzuri, na ni mzito, nilitia kilo zake katika hesabu nikashtuka. Tulikwenda shambani kwa gari la Bonface. Aliizunguka ndege yangu kimya, mikono mgongoni, kama mtu aliyekuja kununua ng'ombe na hataki mwenye ng'ombe ajue amempenda.

"Mjomba," akasema mwishowe, "hiki kiti ni cha plastiki?"

"Ni cha plastiki. Kilikuwa cha hotelini."

"Na kioo cha mbele mbona kinanukia iliki?"

Nikamweleza kwamba kioo si kioo, ni plastiki ngumu, na kilikuwa sanduku la mandazi la mama mmoja wa pale Feri aliyeacha biashara. Nimekikata, nimekikunja kwa maji ya moto, na kinazuia upepo kama kilivyozuia nzi. Akakinusa tena.

"Nikianguka na hii, watu watasema nilikufa nikinunua mandazi."

Hapo nikajua ameipenda. Akavua shati, akaingia chini ya injini, na siku mbili zilizofuata sikuona ila miguu yake. Anasema kazi ni safi. Anasema mirija ya mafuta lazima ibadilishwe na breki ni za baiskeli (ni za baiskeli). Alipapasa bawa la kushoto, akasema kitambaa chake kimeshonwa vizuri kuliko cha la kulia. Nikamwambia la kushoto nilikuwa na muda nalo.

Ulikuwa na swali la ngazi. Bawa lilishushwa kwa roshani, kwa kamba, vijana wa mtaa wakisaidia. Uchochoro ulijaa watu hadi msikitini. Ilikuwa kama harusi, ila bibi harusi alikuwa wa mbao. Ndiyo hivyo tu.

Vidonge nameza. Miguu imevimba kidogo, lakini navaa makubadhi, hakuna anayejua.

Kaka yako,
Barnabas


Kitale
20 Mei 2025

Kaka Barnabas,

Mvua imekuja kwa fujo, mahindi yamefika gotini. Sidi mdogo ameanza kucheka, na anacheka bila sababu, katoka kwako.

Morgan amerudi anaimba. Amepiga picha za ndege yako na kuzitia kwenye simu, anamwonyesha kila mtu hadi kasisi. Zamani nilidhani ataoa, sasa sijui.

Roshani ipi, Kaka?

Roshani ya Abdulhalim ilianguka mwaka ule wa mvua kubwa, kabla Mwikali hajaanza kuugua. Uliniandikia wewe mwenyewe kwamba imemwangukia muuza kahawa, na kwa bahati muuza kahawa alikuwa amekwenda kuswali, ikavunja birika tu. Nilipokuja matangani pale juu palikuwa pamezibwa kwa mabati, na marehemu alikuwa ameanika nguo zake mbele ya hayo mabati hadi siku zake za mwisho. Hizo nguo nilizianua mimi.

Labda umri unakusahaulisha. Labda ni kitu kingine. Sitaki kukuudhi ukiwa mgonjwa. Nauliza tena kwa upole: lilitokaje?

Sidi


Mji wa Kale, Mombasa
17 Julai 2025

Dada yangu,

Usihesabu hii miezi miwili kuwa ni kiburi, au uhesabu nusu tu. Nililazwa. Maji yalipanda mapafuni, wakanitia kitandani karibu na dirisha, jirani yangu akiwa baharia mmoja mstaafu aliyekuwa anakoroma kwa Kiingereza. Nimerudi nyumbani. Napanda ngazi kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, kama mtoto, na kwenye kona napumzika. Nimepata nafasi nzuri ya kuichunguza ile kona.

Nakuomba uniambie kwa nini mwanamke aliyeko Kitale, mwenye goti bovu na mjukuu mpya, hana la kufikiri ila ngazi za watu wa Mombasa. Lilitoka dirishani. Haya. Dirisha la nyuma. Nilikosea kusema roshani, mzee hakosei? Lilitoka dirishani, likaingia mkokotenini, likafika Makupa, likawa bawa. Naomba tuishie hapo.

Sasa habari njema, ucheke kidogo. Morgan alipata siku nne za mapumziko mwanzoni mwa mwezi, akaja kuijaribu ndege ardhini. Ni kukimbia tu kiwanjani, bila kupaa. Mimi niliketi kwenye kiti cha hoteli, ndugu yake yule wa ndani ya ndege, chini ya mwavuli. Injini iliwaka mara ya kwanza, Sidi. Moshi ulikuwa mwingi, lakini iliwaka. Mlinzi wa shamba alivua kofia. Ndege ikaanza kukimbia, ikanyooka vizuri, nami nikasimama, nikapiga makofi peke yangu. Halafu ikakumbuka jambo fulani upande wa kushoto, ikageuka yenyewe, ikaingia kwenye mkonge na kuwatawanya mbuzi wa mlinzi. Mlinzi alirudisha kofia kichwani, akawafuata.

Morgan alitoka akiwa na mwiba wa mkonge begani.

"Mjomba, inavuta kushoto."

"Ni breki ya baiskeli."

"Breki ya kushoto au ya kulia?"

"Morgan, ya kushoto huvuta kushoto. Hata katika baiskeli."

Ilikuwa breki kweli. Ameibadilisha. Lakini alirudi kuligonga bawa la kushoto kwa kifundo cha kidole, kuanzia ncha hadi shinani, akisikiliza kama daktari wangu. Mimi nilikohoa kwa muda wote ule. Unajua siku hizi sihitaji sababu ya kukohoa.

"Humu ndani kuna nini, katikati hapa?" akauliza. "Sauti yake ni nzito."

"Nilitia nguvu," nikamwambia. "Wewe ni mzito."

Akaridhika. Ana imani na mimi. Amekua akisikia habari za Mzee Pima. Karatasi za ruhusa zimekamilika kwa saini yangu. Ataruka Jumamosi tarehe 30 Agosti, asubuhi, kabla ya upepo. Nilimwambia hakuna haraka. Yeye ndiye mwenye haraka, sijui kapata wapi.

Kaka yako,
Barnabas


Kitale
14 Agosti 2025

Kaka Barnabas,

Pole kwa kulazwa. Nilijua kabla ya barua yako, kwa sababu Morgan aliniambia, na kwa sababu mimi pia nina langu la kusema. Haraka ya Morgan kaipata kwangu. Daktari wako aliongea naye ile Pasaka, na aliporudi alilia huku Kitale jikoni kwangu, mtu mzima na mabega yale. Nikamwambia, "Basi usingoje mwakani, mrushie mjomba wako ndege yake angali na macho." Nilisema hivyo nikijua kwamba sijajibiwa kuhusu bawa. Kwa hiyo kama kuna mjinga hapa, tuko wawili.

Dirisha la nyuma la Abdulhalim lina nondo, Kaka. Mwikali alikuwa akianika dagaa kwenye nondo hizo.

Sitauliza mara ya tatu. Nimefikiri siku nyingi, hata maziwa yamefurika jikoni nikiwa nimesimama mbele yake. Wewe hujawahi kuniambia uongo. Ulinipeleka shule, ulimzika mume wangu, ulinilelea Morgan likizo zake zote pale kwenu wakati sikuwa na uwezo. Ukisema bawa ni zima, basi mimi nani nikatae?

Kwa hiyo nitapanda. Ndege ina viti viwili, wewe moyo hauruhusu kupanda, na kiti cha pili hakina mtu. Nitaketi nyuma ya mwanangu kwenye kile kiti cha hoteli, nimshike begani. Nimeshashona suruali. Akina mama wa Jumatano wamechanga nauli na wamenipa chupa ya mafuta ya upako nikuletee. Nitafika Mombasa Alhamisi tarehe 28 kwa treni ya mchana. Morgan aje kunipokea Miritini, maana mimi na hiyo stesheni mpya hatujuani.

Kama kuna la kunizuia kupanda, unalijua wewe peke yako.

Dada yako,
Sidi


Mji wa Kale, Mombasa
27 Agosti 2025

Dada yangu Sidi,

Barua hii utapewa na Morgan mkononi, pale pale stesheni. Isome kabla hujaingia garini. Penye doa la wino usidhani ni chozi, ni wino.

Karibu Mombasa. Abdulhalim amekuwekea chumba cha chini ili goti lako lisikutane na ngazi. Kuna halua. Suruali umeshona bure.

Barua yako ilifika wiki iliyopita. Niliisoma kwenye kona, nilikokuwa nimepumzikia, na sikuinuka mpaka Abdulhalim aliponikuta, akaniuliza kama nimekufa. Nikamwambia bado nafikiria. Unanijua, ningeweza kukujibu kwa uongo wa tatu. Nilikuwa nao tayari, wa darini, wenye mabati kung'olewa na winchi. Ulikuwa uongo mzuri, wenye vipimo. Lakini kila nilipouandika nilikuona wewe na suruali yako juu ya kile kiti kilichonukia ukwaju wa wateja, umemshika Morgan bega.

Jana nilimwomba Morgan anipeleke shambani. Akadhani nakwenda kuiaga ndege. Alinibeba kutoka garini kama mzigo wa nguo, akaniweka kando ya bawa la kushoto. Nikatoa mkasi wa Mwikali mfukoni.

"Mjomba, unafanya nini?"

"Nachana."

"Unachana bawa? Jumamosi naruka nalo!"

"Ndiyo maana nachana."

Vidole havina nguvu tena, mkasi ukawa unatafuna kitambaa badala ya kukikata. Ningekuwa na nguvu ningefanya kwa heshima zaidi. Nilifungua mahali pa kuingia mkono, pale pale katikati aliposikia sauti nzito, nikamwambia aingize. Akaingiza hadi kwenye kiwiko. Nilikuwa nikiutazama uso wake. Nimewahi kuuona uso ule mara moja, alipokuwa na miaka sita nikamwambia baba yake hatarudi.

Alikuwa amekuta kiungo. Boriti kuu ya bawa, Sidi, ile inayobeba kila kitu na kila mtu, inatakiwa iwe ubao mmoja mzima kutoka shina hadi ncha. Yangu ilikuwa na kiungo katikati, na mabamba ya mbao huku na huku, gundi na skrubu. Nilikifanya vizuri kadiri ya mtu anayefanya jambo baya. Katika mtihani wa karakana ningejipa alama za juu. Lakini kimekaa miaka minane katika chumvi ya pwani na joto la mabati. Morgan alipitisha ukucha kwenye mshono wa gundi. Ukucha ulizama.

Akatoa mkono. Akaketi kwenye nyasi.

"Hii," akasema, "ingenipa nafasi ya kusema 'Mama'. Basi."

Akaniuliza swali moja, nami nikamjibu kwa mdomo wangu kile nitakachokuandikia mwisho wa karatasi hii, maana bado ni mwoga na nahitaji ukurasa mzima kukifikia. Halafu akauliza, taratibu:

"Ni kona ile ile ya kabati la Shangazi Mwikali?"

"Ile ile."

Akacheka, Sidi. Alicheka mpaka akalala chali kwenye nyasi, na machozi yakamtoka, sijui yapi yalikuwa ya nini. Kisha akainuka, akachukua spana, akaling'oa bawa, akalipakia kwenye gari la Bonface. Litakwenda Makupa, ataunda boriti mpya. "Banda la chini, Mjomba," akaniambia, "lenye mlango wa lori." Haitaruka Jumamosi. Haitaruka nikiwapo, hesabu za daktari nazijua. Sasa imesimama pale mkongeni na bawa moja, kama mtu aliyeinua mkono kuuliza swali.

Nikueleze ilivyokuwa, halafu nimalize. Ile siku nilipolimaliza bawa la kushoto nyumba nzima ya Abdulhalim ilikuwa imekwenda harusini Lamu. Nilikuwa na furaha kama mtoto. Niliita vijana wanne wa mtaani, pengine wawili wao ni wale wale wa kabati. Tuliliteremsha hadi kwenye kona, likagoma. Tukaliinua, likagoma. Tukaligeuza, likakwaruza ukuta, na mkwaruzo ukakaa kando ya mkwaruzo wa kabati lako, kama watoto wa mama mmoja. Kijana mmoja akasema, "Mzee, si ungepima?"

Niliwapa soda, nikawaambia waende. Niliketi kwenye ngazi na bawa langu miguuni. Miaka minne nilikuwa nimepima kila ubavu wake, kila tundu la skrubu. Watu wanaweza kusema nilisahau kupima ngazi. Sikusahau. Ngazi nilikuwa nimeshazipima, kwa futi yangu, mbele yako, nikatoa hukumu. Lakini siku ile ya kabati nilipima kwa ajili ya kukatalia kitu cha Mwikali kisitoke humu ndani. Lingekatwa miguu lingepita, ulisema kweli. Sikutaka lipite. Na vipimo nilivyovitoa kwa sababu hiyo vilitoka kichwani mwangu jioni ile ile.

Ningeweza kumngoja Abdulhalim, nikamwomba tutoboe ukuta wa babu yake. Angekasirika, halafu angekubali. Ningeweza kulifungua bawa, nikaanza upya chini. Lakini wangeniona. Mtaa mzima ungejua kwamba Mzee Pima ameunda ndani ya chumba kitu kisichoweza kutoka chumbani. Nikapendelea ndege mbovu kuliko kuchekwa, na miaka minane baadaye nilikuwa tayari mwanao aipande, nawe nyuma yake.

Kabati lako lipo. Morgan amesema atalikata miguu kesho, ulichukue. Nimekubali.

Umeniuliza mara mbili, na mara ya tatu ukaniuliza kwa kushona suruali. Halikushuka kwa roshani. Halikupita dirishani. Lilitoka mlangoni, kwa ngazi zile zile, vipande viwili, kimoja nimekitia begani na cha pili nimerudi kukichukua. Msumeno niliushika mimi, mchana kweupe, na nilikata bila kupima.